Nani Anautunza Mwongozo wa Kompyuta ya Kituo cha Afya?

Kituo cha Afya Makorora, jijini Tanga, huandikisha wagonjwa wake kwenye vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kama vituo vingine vya umma nchini: kitabu namba 5 kwa wagonjwa wa nje, namba 6 kwa wajawazito wanaohudhuria kliniki, namba 12 kwa wanaojifungua. Mwezi ukiisha hesabu hujumlishwa, takwimu huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, na kutoka hapo wakubwa wa wilaya, mkoa na wizara kule Dodoma huzisoma.

Mchukulie mtumishi aliyekabidhiwa kazi hiyo juzi. Ameingiza idadi ya watoto waliochanjwa, mfumo umemwonya kwamba namba zake hazioani. Anafungua mwongozo. Akikuta ukurasa unaoeleza kitufe kilichokwisha kuondolewa, au kiungo kinachompeleka kusikokuwa na kitu, atabahatisha. Na takwimu iliyobahatishwa haina alama usoni. Huko juu itasomwa sawa na nyingine zote.

Shina la DHIS2 lilichipua Afrika Kusini katika miaka ya 1990, baada ya utawala wa kibaguzi kuanguka. Toleo la sasa, linalotumia intaneti, linaendelezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwe, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mshirika wake wa miaka mingi. Kenya iliusambaza mfumo huo nchi nzima mwaka 2011. Tanzania Bara ikakamilisha mwaka 2013. Programu hubadilika kila mara, kwa hiyo mwongozo nao lazima ubadilike, la sivyo utakuwa unaeleza programu ambayo haipo tena.

Mwongozo huo hauandikwi kama kitabu cha kupeleka kwa mpiga chapa. Huandikwa kwa faili za maandishi matupu, zenye alama chache za kuonyesha vichwa, orodha na viungo. Kisha huja programu zinazoendeshwa kwa amri ya kuandika, kwenye lile dirisha lisilo na picha wala vitufe, zinazozikusanya faili hizo na kuzigeuza kurasa za tovuti. Kwa DHIS2 kazi hiyo hufanywa na MkDocs, iliyoanzishwa na Tom Christie wa Uingereza mwaka 2014. Miradi mingi mingine hutumia Sphinx, aliyoitoa Georg Brandl wa Ujerumani mwaka 2008 kwa ajili ya nyaraka za Python, lugha ya kuandikia programu. Wengine hutegemea Pandoc ya John MacFarlane, profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, inayogeuza maandishi kutoka mtindo mmoja kwenda mwingine.

Kujenga kurasa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo wasomaji hawaioni kabisa, ni kuhakiki. Ukiiambia Sphinx ifanye kazi ya linkcheck, itabisha hodi kwenye kila kiungo kilichomo na kukuletea orodha ya visivyoitika. Ukiiongezea alama ya -W, kila onyo linahesabiwa kuwa kosa na ujenzi unagoma kupita. MkDocs ina --strict kwa shughuli hiyo hiyo. Ipo hata doctest, iliyobuniwa na Tim Peters, ambayo huichukua mifano ya msimbo iliyoandikwa ndani ya mwongozo, ikaiendesha, ikalinganisha jibu linalotoka na lile ambalo mwandishi aliliahidi. Mwongozo ukidanganya, unakamatwa kabla haujamfikia msomaji.

Vyombo vyenyewe pia vinahitaji matunzo. Jahazi lisilotiwa kalafati huvuja hata kama nahodha hajagonga mwamba, na ndivyo ilivyotokea Machi 24, 2022. Siku hiyo lilitoka toleo la 3.1 la Jinja, kifurushi kidogo ambacho Sphinx hukitumia kupanga kurasa. Watunzaji wake waliondoa vipande vya zamani ambavyo walikwisha kutangaza mwaka uliotangulia kwamba vitaondoka. Lakini matoleo ya zamani ya Sphinx yalikuwa bado yanaviita vipande hivyo kwa majina. Miradi iliyobaki na Sphinx ya zamani, na wakati huohuo ikaacha Jinja ijisasishe yenyewe, iliona ujenzi wa nyaraka zake ukianguka. Hakuna aliyekuwa amegusa hata mstari mmoja wa maandishi.

Dawa ilikuwa rahisi kwa anayeijua: kupandisha Sphinx, au kuifunga Jinja kwenye toleo la nyuma kwa muda. Ugumu ni kumpata huyo anayeijua, awe macho, awe na nafasi ya kujibu maswali yaleyale kutoka kwa watu asiowafahamu. Mara nyingi ni mtu mmoja au wawili, wanaofanya kazi hiyo usiku baada ya ajira zao. Dunia ilionyeshwa hatari ya mzigo huo Machi 2024, pale Andres Freund alipogundua mlango wa siri ndani ya xz, kifurushi cha kubana faili. Mtunzaji wake alikuwa amechoka. Akajitokeza msaidizi mwenye jina la bandia, akaaminiwa, na kumbe alikuja na nia mbaya.

Kiswahili nacho kina kisa chake. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux, uliowaunganisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili. Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton, Kenya, alitayarisha orodha ya maneno ya kusahihishia tahajia. Orodha ya namna hiyo ikiunganishwa na Hunspell, chombo kingine cha kuendeshwa kwa amri, mwandishi anaweza kuhakiki mwongozo mzima wa Kiswahili kwa sekunde chache. Hilo ni jambo kubwa, na waliolifanya wanastahili heshima. Ila orodha haitoshi peke yake. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kauli ndani ya neno moja: hawajatupikia, nitakapokupigia. Chombo kisichofundishwa kanuni hizo kitapigia mstari mwekundu maneno yaliyo sahihi kabisa, na mwandishi ataizoea rangi nyekundu mpaka asiitazame tena. Kanuni zinahitaji mtu wa kuziandika, kuzijaribu na kuziongeza mwaka hadi mwaka. Wafadhili hupenda uzinduzi. Miaka inayofuata uzinduzi haina utepe wa kukata.

Hapo ndipo lawama inapopaswa kwenda, na ni lawama ya haki. Mifumo hujengwa kwa fedha nyingi, mafunzo ya siku tano hufanyika hotelini, mwongozo hugawiwa, kisha hakuna anayepangiwa kuutazama tena. Kijana anayerekebisha viungo 40 vilivyokufa hahesabiwi kuwa amefanya kazi, ilhali aliyebuni nembo mpya anapigiwa makofi.

Vyuo vinavyofundisha kompyuta Tanga vinaweza kuanza muhula ujao bila kusubiri fungu. Kila mwanafunzi apewe sura moja ya mwongozo wa programu inayotumika nchini, aijenge kwa amri kwenye kompyuta yake, aihakiki, arekebishe anachokikuta, atume marekebisho kwa watunzaji na apewe alama kwa yaliyokubaliwa. Na wizara inapopitisha bajeti ya mfumo wowote, iweke kifungu cha kutunza nyaraka zake, na kando ya kifungu hicho iandike ni mtumishi wa cheo gani atakayewajibika.