Kompyuta ya Gemu Kanyenye: Nunua Upana wa Rejeta

Oktoba, kabla mvua hazijaanza, mchana wa Tabora hufika nyuzi 32 au 33. Nyumba nyingi za Kanyenye zimeezekwa bati, na chumba kisicho na dari huwa cha moto kuliko kivuli cha nje. Kijana anayeunda kompyuta ya gemu ya kupozwa kwa maji, kwenye kasha dogo la lita 18, kwa kawaida huanza kwa kusoma majaribio yaliyofanywa Ulaya katika chumba cha nyuzi 20 hivi. Majaribio hayo si ya uongo, ila yamefanywa kwenye hewa nyingine. Kwa Tabora kuna mambo matatu yanayogeuza hesabu: joto la chumba, mwinuko kutoka usawa wa bahari, na vumbi la kiangazi. Yote matatu yanaelekeza kwenye uamuzi mmoja: fedha ziende kwenye upana wa rejeta, si kwenye unene wake wala wingi wa mapezi yake, yaani vibati vyembamba vinavyotoa joto hewani.

Tuanze na kazi ya maji. Maji hayaondoi joto duniani. Ni mpagazi tu: hupokea mzigo kwenye prosesa na kadi ya grafiki, huutua kwenye rejeta, kisha hurudi kuchukua mwingine. Na ni mpagazi hodari. Chukua kadi ya RTX 4070, iliyoandikwa wati 200, na prosesa ya Ryzen 7 7800X3D, iliyoandikwa wati 120. Kwenye gemu prosesa haifiki kikomo chake, basi tuseme jumla ni wati 300. Pampu ikisukuma lita 3 kwa dakika, mzigo wote huo unapandisha joto la maji kwa nyuzi 1.4 tu kutoka yanapoingia hadi yanapotoka. Kwa hiyo kubishana kipi kitangulie kupata maji, prosesa au kadi, ni kupoteza muda. Mzunguko ukishatulia, maji yana karibu joto lile lile kila mahali. Pampu kubwa zaidi nayo haitaleta nafuu ya maana. Kinachoamua ni namna joto linavyotoka kwenye maji na kuingia hewani.

Hapo ndipo mwinuko unapodai chake. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa joto lile lile hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa asilimia 13 hivi. Feni ikizunguka mara 1,500 kwa dakika itasukuma ujazo ule ule wa hewa katika miji yote miwili, lakini ujazo wa Tabora una hewa pungufu ya kubeba joto. Ili hewa iondoke na wati 300 baada ya kupata nyuzi 10 za ziada, chumba cha nyuzi 30 Dar es Salaam kinahitaji mita za ujazo 92 hivi kwa saa. Tabora kinahitaji 107. Tofauti hiyo utailipa kwa spidi ya feni au kwa eneo la rejeta.

Kuilipa kwa spidi ni ghali. Hewa huongezeka sambamba na spidi, lakini umeme unaoliwa na feni huongezeka kwa kipeo cha tatu: ukizidisha spidi mara mbili, feni inakula mara nane, na kelele zinapanda hadi mchezaji hawezi kuvua vipokea sauti. Eneo la rejeta halipigi kelele.

Rejeta hupewa majina kwa feni zinazokaa juu yake. Ya 240 hubeba feni mbili za milimita 120. Ya 280 hubeba mbili za milimita 140. Kwa jina tofauti ni ndogo, lakini kwa eneo ya 280 inaishinda ya 240 kwa asilimia 36, na inapungukiwa asilimia 9 tu na ile ya 360 yenye feni tatu. Kwa kasha dogo, ni vigumu kupata badiliko jingine lenye faida kama hilo.

Tufanye hesabu. Kanuni ya haraka ya wajenzi ni wati 100 kwa kila nafasi ya feni ya milimita 120, feni zikizunguka kwa utulivu, ili maji yawe nyuzi 10 hivi juu ya chumba. Rejeta ya 240 ikibebeshwa wati 300, pengo linakuwa nyuzi 15. Hewa nyepesi ya Tabora inalisogeza hadi 17. Chumba kikiwa na nyuzi 33, maji yanafika 50. Pampu nyingi zimeandikwa kikomo cha nyuzi 60, kwa hiyo hakuna kitakachoungua leo, lakini akiba imebaki ndogo. Kwa rejeta ya 280, mzigo ule ule unaacha pengo la nyuzi 13, na maji yanatulia kwenye 46.

Hesabu hiyo inaonyesha jambo ambalo matangazo ya biashara hayalitaji: hakuna rejeta inayoweza kushusha maji chini ya joto la chumba. Kila nyuzijoto unayoipunguza chumbani inapungua moja kwa moja kwenye maji. Waliojenga matembe ya Kwihara, jirani na mji wa Tabora, kwa kuta nene za udongo walilijua joto la huku vizuri. Kupiga dari chini ya bati, na kuisogeza kompyuta mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri, kunaweza kukupa nyuzi nyingi kuliko toleo jipya la feni.

Sasa mapezi. Rejeta yenye mapezi 16 au zaidi kwa inchi ina uso mwingi wa kutolea joto, lakini inataka feni kali, na vumbi la miezi ya Mei hadi Oktoba linaiziba mapema. Yenye mapezi 10 hivi kwa inchi hupitisha hewa ya feni za taratibu na husafishika kwa brashi laini. Unene nao una kikomo: hewa ikifika kwenye mapezi ya nyuma tayari imeshapata moto. Rejeta ya milimita 30 na feni ya 25 zinakula milimita 55. Ukichukua rejeta ya 45 unafika 70, na kwenye kasha dogo hizo 15 huenda ndizo zinazoitenganisha na kadi. Pima pia urefu halisi, maana matangi ya pembeni yanaongeza: rejeta ya 240 hufika milimita 275 hivi, na ya 280 hufika 315 hivi.

Kwenye feni, soma namba mbili: ujazo wa hewa na shinikizo. Noctua NF-S12A inatajwa kusukuma mita za ujazo 107.5 kwa saa. NF-A12x25 ya kampuni hiyo hiyo inatajwa 102.1. Anayesoma ujazo tu atachukua ya kwanza. Lakini ujazo huo hupimwa feni ikiwa wazi, bila kizuizi. Ukiweka rejeta na chujio mbele yake, kinachotawala ni shinikizo: ya kwanza ina milimita 1.19 za maji, ya pili 2.34. Feni za 140 zichague kwa kipimo hicho hicho. Feni nyembamba za milimita 15 huokoa nafasi, lakini hupoteza shinikizo. Heri rejeta nyembamba yenye feni kamili.

Rejeta na ivute hewa ya chumba, isipewe hewa iliyokwisha kupashwa moto ndani ya kasha. Feni zikae upande wa ndani zikivuta, ili uso wa mapezi ubaki nje, nyuma ya chujio la wavu linalotoka kwa mkono. Pampu isiwe sehemu ya juu kabisa, kwani mapovu ya hewa hukusanyika huko. Ukijaza maji mwenyewe, usitumie ya bomba, wala usichanganye rejeta ya alumini na vibao vya shaba vinavyogusa prosesa na kadi: alumini italika. Maji yaliyotoneshwa huuzwa kwenye maduka ya spea kama maji ya betri, lakini soma lebo, maana asidi hukaa rafu hiyo hiyo. Yaongezee dawa ya kuzuia kutu. Wakati wa kupuliza vumbi, zuia mapanga ya feni yasizunguke, na usitumie kompresa ya gereji ya matairi. Upepo wake ni mkali na una unyevu.

Mwisho, weka kipimo cha joto kwenye maji na kingine chumbani. Cheza saa moja, kisha andika pengo kati ya namba hizo mbili, si joto la maji peke yake, kwa sababu pengo halibadiliki sana kati ya baridi ya Julai na moto wa Oktoba. Likipanda kutoka 13 hadi 18 na gemu ni lile lile, usikimbilie kununua feni mpya. Toa chujio, chukua brashi.