Alama ndogo zinazowanyima watoto alama kubwa darasa la saba

Na Mwandishi Wetu, Masasi

MWEZI Septemba unapoingia, wakulima wa Lulindi, wilayani Masasi, huwa wanafyeka na kusafisha chini ya mikorosho ili korosho zitakapoanza kudondoka zionekane. Ni mwezi huo huo ambapo watoto wao wa darasa la saba huketi kwa siku mbili kufanya Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi, unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), chombo kilichoundwa kwa Sheria Namba 21 ya mwaka 1973.

Kwa familia nyingi za ukanda huu, jirani na Uwanda wa Juu wa Makonde, siku hizo mbili ndizo huamua iwapo mtoto ataingia kidato cha kwanza au atabaki shambani. Tangu mwaka 2021 mtihani huo una masomo sita, kila moja likiwa na alama 50, na kufanya jumla ya alama 300. Katika hesabu hiyo, swali moja lililopotea kwa uzembe laweza kumshusha mtahiniwa daraja.

Zipo mada mbili ambazo wanafunzi wengi huziweka kando kwa kudhani ni ndogo. Ya kwanza ni alama za uandishi katika Kiswahili. Ya pili ni jometri, yaani maumbo, pembe, mzingo na eneo, katika Hisabati. Zinafundishwa katika vipindi tofauti, lakini zinadai jambo moja: kusoma kwa makini kila kilichoandikwa kabla ya kujibu.

Takwimu za NECTA zinaonyesha uzito wa suala hili. Katika matokeo ya mwaka 2013, Kiswahili kilikuwa na ufaulu wa asilimia 69.06, wakati Hisabati ilishika mkia kwa asilimia 28.62. Ufaulu wa jumla umepanda tangu hapo na kufikia asilimia 80.87 mwaka 2024, lakini Hisabati imeendelea kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa masomo yanayowatesa watahiniwa.

Mkato mmoja, maana mbili

Katika Kiswahili, alama ya uandishi hubeba mzigo mkubwa. Sentensi "Baba amekuja" na "Baba amekuja?" zina maneno yale yale na kwa mpangilio ule ule. Anayesema hutofautisha kwa kupandisha sauti. Anayeandika hana sauti, ana alama ya kuuliza pekee. Akiisahau, swali limegeuka kuwa taarifa.

Mkato nao una nguvu hiyo hiyo. Ukiandika "Mwalimu alisema Asha hajafika", aliyesema ni mwalimu na asiyefika ni Asha. Ukiandika "Mwalimu, alisema Asha, hajafika", mambo yamepinduka: msemaji ni Asha na asiyefika ni mwalimu. Hakuna neno lililoongezwa wala kupunguzwa. Mtoto anayesoma habari ya ufahamu bila kuiona mikato hiyo atajibu kinyume, hata kama msamiati wote anaufahamu.

Ipo pia ritifaa, ile alama inayokaa katika maneno kama ng'ombe, ng'oa na ng'ambo. Bila hiyo, sauti ya neno hubadilika na tahajia huwa imekosewa.

Zoezi linalofaa ni jepesi. Mwalimu au mzazi achukue aya fupi kutoka kitabu cha kiada, aiandike upya bila alama yoyote na bila herufi kubwa, kisha mtoto aisome kwa sauti na kuzirejesha. Pale anapopumzika kidogo huenda pana mkato. Pale wazo linapokwisha pana nukta. Baadaye alinganishe na kitabu na kueleza kwa nini alitofautiana nacho. Imla, zoezi la tangu zamani, hufanya kazi hiyo hiyo. Kwa watoto ambao nyumbani huzungumza Kimakonde, Kimakua au Kiyao, kusoma kwa sauti kuna faida zaidi, kwa kuwa huwazoesha mapigo ya sentensi ya Kiswahili.

Jometri ipo shambani

Wanafunzi wengi hawana mkebe wenye bikari na kipimapembe. Hata hivyo, kukosa mkebe si kukosa jometri, kwani kanuni zake zimetapakaa katika mashamba ya korosho.

Nafasi inayopendekezwa kati ya mkorosho na mkorosho ni mita 12 kwa 12. Hivyo kila mti huchukua mraba wenye eneo la mita za mraba 144. Tuseme shamba la mstatili lina urefu wa mita 120 na upana wa mita 84. Eneo lake ni 120 mara 84, yaani mita za mraba 10,080. Ukigawa kwa 144 unapata miti 70. Lakini swali likiuliza urefu wa uzio wa kulizunguka shamba hilo, jibu si eneo tena bali ni mzingo: mara mbili ya jumla ya 120 na 84, ambayo ni mita 408. Mtoto anayejua kwamba miti huhesabiwa kwa eneo na uzio hupimwa kwa mzingo hatachanganya mambo hayo mawili kirahisi.

Pembe mraba nayo yaweza kupatikana kwa kamba. Igawanye kamba katika sehemu 12 zilizo sawa kwa kufunga mafundo, kisha iunde pembetatu yenye pande za sehemu 3, 4 na 5. Pembe iliyo kati ya upande wa 3 na wa 4 itakuwa nyuzi 90. Hiyo ndiyo kanuni ya Pythagoras: 9 kujumlisha 16 ni 25.

Vivyo hivyo kwa duara. Zungusha uzi kwenye mdomo wa ndoo, upime, kisha ugawe kwa kipenyo. Jibu litazidi 3 kidogo, na hapo mtoto ataelewa ile 22/7 anayoikariri imetoka wapi.

Katika mada hii pia alama zina nafasi yake. Nukta katika 12.5 na mkato katika 10,080 si mapambo. Nukta ikipotea, mita 12 na nusu zimekuwa mita 125.

Kuchagua si kubahatisha

Tangu mwaka 2012, majibu ya maswali ya kuchagua hujazwa kwa penseli katika fomu maalumu inayosahihishwa kwa kompyuta. Baadhi ya wanafunzi hudhani mfumo huo umeondoa haja ya kufanya kazi kwa mkono. Si kweli. Hisabati bado ina maswali ambayo mtahiniwa hutakiwa kuonyesha njia, na hata katika yale ya kuchagua, eneo na mzingo vinaweza kuwekwa pamoja kama majibu ya swali moja. Anayechora umbo na kuandika vipimo vyake kabla ya kuchagua huuona mtego.

Walimu wanaweza kutumia ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo NECTA huzitoa katika tovuti yake, kubaini makosa yanayojirudia. Pale intaneti isipofika, nakala moja iliyochapwa inaweza kuhudumia shule nzima.

Muda nao unapungua. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unafupisha elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na walioanza darasa la tatu mwaka huo wanatarajiwa kuwa wa kwanza kumaliza kwa utaratibu huo mwaka 2027. Kwa mzazi wa Lulindi, robo saa ya kusoma kwa sauti jioni na kamba moja yenye mafundo havigharimu fedha, na haifai kusubiri hadi Septemba ifike.