Je, Wajua? Sauti Nzuri ni Hesabu ya Kutoa

Mtangazaji akifunga kipindi humshukuru fundi mitambo, kisha hatumkumbuki tena hadi kesho. Ndivyo inavyotakiwa. Fundi akianza kusikika, ujue kuna kilichoharibika. Tumekusanya mambo 20 kutoka upande wake wa kioo cha studio. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi anaongeza kitu, na ni mara ngapi anapunguza, anachelewesha, anakata au ananyamazisha.

1. Je, wajua kwamba aliye Kigoma anaweza kumsikia mwimbaji wa Dar es Salaam kabla ya mtu aliyelipa kiingilio? Sauti hewani hutembea mita 343 hivi kwa sekunde. Wimbi la redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde hiyohiyo. Aliyesimama mita 100 kutoka jukwaani husubiri milisekunde 290. Aliye Kigoma, kama matangazo hayapiti kwenye kompyuta wala setilaiti, husubiri zisizozidi 5.

2. Zama za dijitali zimeligeuza hilo. Redio ya intaneti hujaza kwanza akiba ya sauti ndipo ianze kusema, kwa hiyo huchelewa kwa sekunde kadhaa. Ndiyo maana jirani mwenye FM hushangilia bao wakati kwako wewe, unayetumia simu, mpira ungali katikati ya uwanja. Hata vipigo sita vya saa vya BBC, vilivyoanza kurushwa tarehe 5 Februari 1924, kwenye redio ya dijitali hufika muda ukiwa umeshapita.

3. Je, wajua kwamba kwenye tamasha kubwa spika za katikati ya uwanja hucheleweshwa makusudi? Zikilia sawia na za jukwaani, wa nyuma watasikia kila neno mara mbili. Fundi huzichelewesha milisekunde 100 hivi kwa kila mita 34, kisha huongeza chache juu yake. Hizo chache zina kazi. Mwaka 1949 Mjerumani Helmut Haas alionyesha kwamba sikio huamini sauti imetoka kule ilikotangulia kufika. Basi spika iko mita tano kutoka kwako, nawe unaapa kwamba sauti inatoka jukwaani.

4. Jua likizama, hesabu hiyo huharibika. Kila nyuzi moja ya joto inayopungua huipunguzia sauti mwendo wa mita 0.6 kwa sekunde. Fundi mzuri aliyepima saa nane mchana hupima tena usiku.

5. Mwenye shughuli akikwambia ametoka wati 1,000 hadi 2,000 ili mziki uwe maradufu, mwambie bado. Kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo wacheza kigodoro hawataiona. Ili sikio likiri kwamba sauti imekuwa maradufu, wati zizidishwe kama mara 10. Na kabla hajaenda kukodi hizo 10,000, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka kumbi na matamasha yasizidi wastani wa desibeli 100.

6. Tamthilia inanong'ona, tangazo la sabuni linafoka, mkono unatafuta rimoti. Je, wajua kwamba zamani tangazo hilo halikuvunja kanuni yoyote? Vipimo vilitazama vilele vya sauti tu. Watengeneza matangazo wakaibana sauti: vilele vikabaki palepale, mabonde yakainuliwa hadi yakakaribia vilele. Kwa mita, sawa. Kwa sikio, kelele.

Mwaka 2006 Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulitoa kipimo kinachokaribia namna sikio linavyosikia, BS.1770. Mwaka 2010 watangazaji wa Ulaya wakaweka kiwango kimoja kwa vipindi vyote, hasi 23 za kipimo hicho. Marekani ilipitisha sheria mwaka huohuo, ikaanza kutumika tarehe 13 Desemba 2012. Filamu za mtandaoni zilibaki nje ya uzio, hadi California ilipotunga sheria yake Oktoba 2025, ya kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2026. Sasa anayefoka hushushwa hadi alingane na wenzake, na kule kubana kote kunakuwa kazi bure.

7. Maiki nyingi za studio hupewa umeme wa volti 48 kupitia waya uleule unaoleta sauti. Kwa nini 48? Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Ujerumani iliitengenezea redio ya taifa ya Norwei maiki za transista. Kule wakati wa baridi kiza hakiishi, na studio zile tayari zilikuwa na umeme wa volti 48 kwa ajili ya taa za dharura. Wakautumia huohuo. Leo dunia nzima inarekodi kwa umeme wa taa za Norwei.

8. Je, wajua kwamba ndani ya waya wa maiki sauti moja husafiri mara mbili, na ya pili imepinduliwa? Ya kwanza ikipanda, ya pili inashuka. Njiani zote mbili huokota uchafu uleule wa taa, jenereta na simu. Zikifika, miksa huitoa ya pili kutoka kwa ya kwanza. Uchafu uko sawa pande zote, kwa hiyo hujifuta. Sauti zimepingana, kwa hiyo hubaki, tena maradufu. Waya wa mita 50 husafishwa kwa hesabu ya darasa la kwanza.

9. FM haijawahi kukupa mlio wowote ulio juu ya hezi 15,000, ingawa sikio changa hufika 20,000. Juu kidogo, kwenye 19,000, kuna mlio wa siri unaoiambia redio yako kwamba matangazo ni ya stereo. Simu ya kawaida ya zamani ni bahili zaidi: kati ya hezi 300 na 3,400. Herufi "s" na "f" hutofautiana juu ya hapo, ndiyo maana ukitaja jina kwa simu huombwa ulitaje herufi kwa herufi.

10. Wimbo wa MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde umebakiwa na sehemu moja kati ya 11 ya ulivyokuwa kwenye CD. Kilichotupwa ni kile ambacho sikio lako lisingekinasa: ngoma ikidunda, mlio mdogo ulio jirani yake humezwa. Karlheinz Brandenburg, mmoja wa walioibuni, aliipima kwa "Tom's Diner" wa Suzanne Vega, wimbo usio na ala hata moja. Kwenye sauti tupu ya binadamu, kila kosa la kukata lilijianika.

11. Mwandishi aliye mbali hutikisa kichwa na kukaa kimya kabla ya kujibu. Hasiti. Setilaiti ya matangazo iko kilomita 35,786 juu ya ikweta; swali hupanda na kushuka kwa karibu robo sekunde, na jibu lake vilevile.

12. Kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Mwandishi akirudishiwa sikioni sauti yake mwenyewe iliyochelewa nusu sekunde, ulimi hufungamana na sentensi haziishi. Kwa hiyo fundi humwandalia mchanganyiko wake peke yake: studio nzima, mgeni, mziki, kila kitu isipokuwa yeye. Wakiwa wanne mahali panne, huandaliwa michanganyiko minne, kila mmoja ukimkosa mtu wake.

13. Je, wajua kwamba maiki isiyo na waya hupanga nyumba ya televisheni? Huishi kwenye masafa ya TV, katika vyumba visivyo na kituo. Dar es Salaam ilizima TV ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na duniani kote sehemu ya masafa yaliyoachwa wazi ilikwenda kwa kampuni za simu. Marekani, waliokuwa na maiki kwenye masafa ya megahezi 600 yaliyouzwa walipewa hadi tarehe 13 Julai 2020 wawe wamehama.

Dawa iliyopatikana ni kuishi wengi chumba kimoja. Zamani kila maiki ilishika kichochoro chake cha masafa. Mfumo mpya, uitwao WMAS na ulioruhusiwa Marekani Februari 2024, huzipa maiki zote ukumbi mmoja mpana na kuzigawia zamu za kasi ya ajabu. Mwaka huohuo Sennheiser ilionyesha mtambo unaobeba njia 64 za sauti, za kwenda na kurudi, ndani ya nafasi ya chaneli moja ya TV.

14. Lile fungu la waya nene kama mkono, lililobebwa na vijana wanne kutoka gari la matangazo hadi uwanjani, linastaafu. Waya mmoja wa mtandao, mwembamba kama wa kompyuta ya ofisini, unaweza kubeba chaneli 512 kwenda na 512 kurudi kwa mfumo wa Dante uliozaliwa Australia. Lakini chaneli zote hizo ni vipande vya data, navyo vikifika ovyo sauti hupasuka. Vifaa vyote hufuata saa moja, na katika vituo vikubwa saa hiyo yenyewe huulizwa kwa setilaiti za GPS. Mpira wa Jumamosi unapigwa chini. Saa yake iko angani.

15. Vinasa sauti vya kizazi kipya, vya biti 32 zenye nukta inayohama, huvumilia mnong'ono na radi bila kugusa kitufe. Vingi vina vipokezi viwili: kimoja cha sauti ndogo, kingine cha kubwa, na kompyuta huchagua. Mrekodi asiyepanga kiwango mapema hasamehewi na fundi wa kizamani, lakini husamehewa na faili. Maiki ikizidiwa yenyewe, hata hivyo, hakuna biti itakayoiokoa.

16. Je, wajua kwamba marehemu alishinda tuzo ya Grammy mwaka 2025 kwa kuondolewa piano? Miaka ya 1970 John Lennon alirekodi wimbo nyumbani kwenye kaseti; sauti na piano vikakaa pamoja kama maji na maziwa. Wenzake wa Beatles waliujaribu miaka ya 1990 wakauacha. Kisha timu ya mwongozaji filamu Peter Jackson ikafunza kompyuta kutenganisha sauti zilizochanganyika, na "Now and Then" ukatoka tarehe 2 Novemba 2023. Kompyuta ya kutenganisha sauti haikuimba hata noti moja. Ilichuja. Zipo za kuimba pia, nazo zimesababisha jimbo la Tennessee kutunga sheria mwaka 2024 ya kulinda sauti ya mtu isiigwe bila ridhaa yake.

17. Auto-Tune, inayonyoosha noti zilizopinda katika nusu ya nyimbo unazozijua, ni mtoto wa mafuta. Andy Hildebrand, aliyeitoa mwaka 1997, alikuwa akichambua mitikisiko ya ardhi kutafuta visima.

18. Mara mojamoja fundi huongeza. Mwaka 2020, viwanja vikiwa vitupu kwa sababu ya UVIKO-19, Sky ya Uingereza na ligi ya Hispania walikopa kelele za mashabiki kutoka kwenye mchezo wa video wa FIFA. Fundi alikaa na vitufe vya "wuuu!" na "aaah!" akifuata mpira. Kazi ngumu ilikuwa kubashiri: shabiki wa kweli huguna kabla mpira haujatoka nje, si baada yake.

19. Umechoshwa na mtangazaji wa mpira? Korea Kusini imerusha TV ya hali ya juu yenye sauti ya MPEG-H tangu 2017, na Brazil iliidhinisha mfumo wake mpya wa TV Agosti 2025 ukiwa na sauti hiyohiyo. Badala ya mchanganyiko uliokwisha kuiva, nyumbani hufika viungo mbalimbali: mtangazaji huku, mashabiki kule. Kituo kikiruhusu, mtazamaji hushusha kimoja na kupandisha kingine. Mzee mwenye masikio mazito humpandisha mtangazaji; kijana humzima. Hesabu ya kutoa imehamia kwenye rimoti.

20. Na je, wajua kwamba fundi hurekodi kimya? Mahojiano yakiisha, kabla mtu hajainuka, huinua kidole na kuomba nusu dakika. Watu hubana pumzi. Kinachorekodiwa ni chumba chenyewe: feni, friji ya jirani, barabara ya mbali, na mvumo mwembamba wa umeme wa hezi 50. Mvumo huo haukai kwenye 50 kamili; hupanda na kushuka kidogo kila wakati, kwa mpangilio usiojirudia, na wapelelezi Ulaya wameulinganisha na kumbukumbu za gridi kujua rekodi ilifanyika saa ngapi na kama imekatwa.

Fundi ana haja ndogo zaidi. Kesho, akiondoa kikohozi au neno lililoteleza, pale alipokata patabaki shimo, na sikio hulikamata shimo upesi kuliko linavyokamata kelele. Hulijaza kwa kimya cha chumba kilekile. Utasikiliza kipindi chote bila kujua palikuwa na kikohozi, na mtangazaji atamshukuru fundi mitambo kwa sababu ambayo hata yeye ameshaisahau.