Mpeni kijana namba: somo la kriketi kutoka Il Polei kwenda Ipililo

Il Polei ni kijiji cha wafugaji katika Kaunti ya Laikipia, kaskazini mwa Mlima Kenya. Mwaka 2007, Aliya Bauer, mtafiti kutoka Afrika Kusini aliyekuwa akifanya utafiti wa nyani eneo hilo, alianza kuwafundisha kriketi watoto wa shule ya kijiji, kwa kuwa ndio mchezo alioupenda tangu kwao. Vijana wa rika la morani walikuwa wakipita na kusimama pembeni kutazama, na haikuchukua muda nao wakaomba mpira. Mkono uliozoea kurusha mkuki haukuona taabu kujifunza kurusha mpira.

Ndivyo ilivyozaliwa timu ambayo dunia inaifahamu kwa jina la Maasai Cricket Warriors. Wanaingia uwanjani na shuka nyekundu, shanga shingoni na mikononi. Mwaka 2012 walikwenda Cape Town kwenye mashindano ya dunia ya timu za ridhaa yaitwayo Last Man Stands, na mwaka 2013 wakafika London. Mwaka 2015 ikatoka filamu yao, Warriors, iliyoongozwa na Barney Douglas. Kapteni wao, Sonyanga Ole Ng'ais, na wenzake walitumia jina walilolipata uwanjani kuzungumza na wazee wao juu ya ukeketaji na ndoa za utotoni, na kuwaeleza vijana wenzao kuhusu Ukimwi. Waliwahi pia kucheza Ol Pejeta kuchangia ulinzi wa Sudan, faru mweupe wa kaskazini, dume la mwisho la jamii yake, aliyekufa Machi 2018.

Sifa hizo zimeandikwa sana. Mimi nataka tuangalie jambo lililotangulia yote hayo: kriketi ya Il Polei ilianzia kwa watoto. Wakubwa walijifunza kwa kuwatazama wadogo, kisha wao wenyewe wakarudi mashuleni kuwafundisha wadogo wengine. Timu hiyo haikuanza na uwanja wa nyasi, wala na mfadhili, wala na ligi. Ilianza kwa kuwaweka wa umri tofauti kwenye kiwanja kimoja. Naliandika hili nikiifikiria Ipililo, mkoani Simiyu, na vijiji vingine vya Usukumani ambako kijana akitaka kucheza anasubiri hadi wakubwa wamalize.

Kwa nini kriketi inampa mdogo nafasi

Katika soka, kijana wa miaka 14 akiwekwa na wanaume wa miaka 30 atasukumwa, atapitwa mbio na ataondoka amekata tamaa. Kriketi haina kugombania mpira kwa bega. Timu ina wachezaji 11, na kila mmoja ana zamu yake ya kupiga, isipokuwa kama mikimbio (alama za mchezo) inayotakiwa imekwisha kupatikana au ova zimekwisha. Mrushaji anarusha mipira sita, ambayo ndiyo ova moja, kisha anampisha mwenzake. Mpigaji anasimama mbele ya vijiti vitatu na kuvilinda. Mpira ukivigonga, ametoka. Akiupiga ukadakwa kabla haujagusa chini, ametoka pia.

Mtazame kijana huyo anapokuwa upande unaolinda uwanja. Mrushaji mkubwa, kabla hajaanza kukimbia, anageuka na kumpungia mkono: sogea hatua mbili kushoto. Kijana anasogea, hajui kwa nini. Mpira unarushwa, mpigaji anaupiga, unaruka juu na kushuka palepale aliposogezwa. Anaudaka kwa mikono miwili, anauminya kifuani. Wenzake wanamkimbilia. Katika sekunde hizo amejifunza jambo ambalo hakuna ubao wa darasani ungemfundisha: kwamba mkubwa yule alikwisha kuusoma mguu wa mpigaji kabla ya mpira kuondoka mkononi mwake. Mpira unaofuata, kijana ataangalia mguu.

Kwenye vijiji vya Uingereza hili ni jambo la kawaida. Jumamosi utamkuta mwanafunzi wa sekondari akipiga upande mmoja na mstaafu upande wa pili, wanaitana kukimbia. India nayo ilimwingiza Sachin Tendulkar katika timu ya taifa Novemba 1989, mjini Karachi, akiwa na miaka 16. Hakuna aliyemwambia asubiri akue.

Ushahidi wa nyumbani

Afrika Mashariki tunao mifano yetu. Februari 1996, Kenya ilipoingia Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza kwa jina lake, ilikuwa na kijana wa miaka 17, Thomas Odoyo. Tarehe 29 ya mwezi huo, mjini Pune, Kenya iliifunga West Indies, ambayo ilitolewa yote kwa mikimbio 93. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali, chini ya kapteni Steve Tikolo.

Lakini mfano huohuo una upande wake mchungu. Odoyo na Tikolo walicheza Kombe la Dunia mara tano, kuanzia 1996 hadi 2011. Tikolo alistaafu baada ya mashindano hayo ya 2011 akiwa na miaka 39. Ni heshima kubwa kwao, ila ni swali zito kwa waliokuwa wakiendesha mchezo: wale vijana wa miaka 17 wa 2003 na 2007 walikuwa wapi? Pamoja na migogoro ya uongozi iliyoutafuna mchezo huo, hakukuwa na damu changa ya kutosha kushika nafasi za wakongwe. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja, na tangu 2011 haijarudi tena Kombe la Dunia.

Uganda imefuata njia nyingine. Frank Nsubuga alianza kucheza mashindano ya kimataifa mwaka 1997, akiwa na miaka 16, kwenye timu ya pamoja ya Afrika Mashariki na Kati. Alingoja Kombe la Dunia miaka 27. Juni 2024, nchini Guyana, akiwa na miaka 43, alirusha ova nne dhidi ya Papua New Guinea, akatoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili, yaani kuwatoa wapigaji wawili. Siku hiyo hiyo Juma Miyagi, aliyezaliwa 2003, naye alichukua wiketi mbili. Papua New Guinea ilitoka kwa mikimbio 77, na Uganda ikapata ushindi wake wa kwanza katika Kombe la Dunia. Mmoja alianza kimataifa kabla mwenzake hajazaliwa, na ushindi wakauchuma pamoja.

Mabinti wa Rwanda nao wasisahauliwe. Januari 2023, kwenye Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 19 huko Afrika Kusini, Henriette Ishimwe aliwatoa wapigaji wanne wa Zimbabwe kwa mipira minne mfululizo. Siku chache baadaye Rwanda iliifunga West Indies. Kijiji kitakachoanzisha timu na kuwaacha wasichana pembeni kitakuwa kimejinyima nusu ya vipaji vyake.

Na sisi Tanzania

Kriketi si ngeni kwetu. Katika Kombe la Dunia la kwanza, mwaka 1975, timu ya Afrika Mashariki ilikuwa na Watanzania wawili, Praful Mehta na Shiraz Sumar. Tanzania ilipata uanachama wake yenyewe katika Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, mwaka 2001. Lakini kwa miaka mingi mchezo uliishia kwenye viwanja vya mijini, hasa Dar es Salaam, na Watanzania wengi walio mbali na miji waliuona kuwa ni wa watu wengine.

Vijana ndio waliobadilisha hesabu. Mwaka 2025, mjini Lagos, timu yetu ya chini ya miaka 19 ilishinda mashindano ya kufuzu ya Afrika na kukata tiketi ya Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Namibia, iliyokuwa mwenyeji mwenza wa fainali hizo pamoja na Zimbabwe, ikabaki kuwa mwenyeji asiye na timu. Januari 2026 vijana wa Tanzania walikuwa kundi moja na West Indies, Afrika Kusini na Afghanistan. Wakubwa wetu hawajawahi kufika hatua hiyo. Kwa hiyo anayesema vijana wasubiri anatakiwa kwanza ajibu hili.

Ipililo ina nini cha kuanzia

Simiyu ni mkoa unaoongoza kwa pamba nchini. Pamba ikishavunwa na kuuzwa, kiangazi kikishika, mashamba yanabaki wazi na watu wanapata nafasi. Huo ndio msimu wa ngoma, na Wasukuma hawahitaji kufundishwa ushindani wa kijiji kwa kijiji. Vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu vimeshindana kwa vizazi, kila upande na mafundi wake, kila upande ukivuta watu waache kutazama upande wa pili. Jamii inayoweza kuandaa mashindano ya namna hiyo kwa nguvu zake yenyewe inaweza kuandaa mechi ya kriketi.

Vifaa vya kuanzia havitishi. Tafuta ardhi tambarare iliyofyekwa, pima mita 20 kati ya vijiti vya upande huu na vya upande ule, chonga gongo la mbao lenye uso bapa, nunua mpira wa tenisi. Mpira mgumu wa ngozi usiletwe kwa watoto bila kofia ngumu na vikinga miguu, maana unavunja meno na vidole. Huo utakuja baadaye, pamoja na mwalimu aliyefunzwa.

Kilicho kigumu ni uamuzi, na uamuzi huo ni wa wakubwa. Timu ya kijiji ikiandika majina 11, manne yawe ya wanafunzi, wavulana na wasichana, na yaandikwe kwanza. Wasiitwe wachezaji wa akiba wala wabeba maji. Wapewe ova za kurusha mechi ikiwa bado haijaamuliwa. Wakipoteza wiketi ya kizembe, wasizomewe. Mkubwa aliyekuwa upande wa pili awasogelee na kuwaonyesha mguu ulipaswa kukaa wapi. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, lakini hakunjwi akiwa kando ya jiko.

Kuna mechi ambazo timu ya namna hii itapoteza kwa sababu ya vijana wake. Hilo lielezwe mapema, wazazi na viongozi wa kata walijue na walikubali. Timu ya wakubwa watupu inaweza kushinda msimu huu na ujao, kisha magoti yao yatachoka na jina la timu litachoka nayo. Kenya iliyafahamu hayo ikiwa tayari imefika nusu fainali ya dunia. Kijiji kinachoanza leo kina bahati ya kuyafahamu kabla ya mechi yake ya kwanza.