Bawa la Ndege ya Kujiundia katika Hewa Nyepesi ya Kondoa

Ndege ya kujiundia ni ndege ndogo inayoundwa na mtu binafsi, aghalabu kwa kufuata ramani za mhandisi au kwa kuunganisha vipande vilivyotengenezwa kiwandani. Katika Marekani na Ulaya ndege za namna hiyo ziko kwa maelfu. Afrika ya Mashariki nayo haikosi wenye ari: mwaka 2010 mtaalamu mmoja wa kompyuta nchini Kenya alijulikana kwa kuunda ndege yenye injini ya gari. Ari hiyo ni ya kusifiwa. Hata hivyo, baiskeli ikiharibika fundi husimama kando ya njia akaitengeneza. Ndege haimpi nafasi hiyo.

Sehemu ambayo wengi hutamani kuibadili ni bawa. Sababu yake huonekana wazi mahali kama Kondoa.

Hewa ya nyanda za juu

Mji wa Kondoa uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kadiri mahali palivyo juu, ndivyo kanieneo ya hewa inavyopungua. Joto nalo huitanua hewa na kuifanya nyepesi zaidi. Wahandisi huanzia hesabu zao kwenye hewa ya usawa wa bahari yenye nyuzi 15 za Sentigredi, ambayo mita moja ya ujazo ina tungamo ya kilo 1.225. Kondoa, alasiri yenye nyuzi 30, mita hiyo ina kilo 0.98 hivi, yaani asilimia 80 tu.

Kani inayoinua ndege hulingana na densiti ya hewa, eneo la bawa na mraba wa mwendo. Densiti ikishuka hadi asilimia 80, na uzito na bawa visibadilike, mraba wa mwendo hauna budi kuongezeka kwa robo. Mwendo wenyewe basi huongezeka kwa kipeuo cha pili cha 1.25, yaani asilimia 12 hivi. Ndege ipaayo kwa kilomita 80 kwa saa katika hewa ya kawaida itahitaji karibu kilomita 90. Hata kama injini ingevuta kwa nguvu zile zile, mbio za mita 300 kiwanjani zingekuwa mita 375. Lakini injini nayo huvuta hewa hiyo hiyo nyepesi, nguvu zake hupungua, na mbio huwa ndefu zaidi.

Kishawishi cha kurefusha bawa

Hapo fundi hufikiri: bawa likirefushwa kwa robo, upungufu wa hewa utafidiwa. Kwa kani ya kuinua peke yake, hesabu yake ni sahihi. Lakini bawa ni boriti pia, tena iliyoshikwa upande mmoja tu.

Ichukuliwe ndege ya kilo 500 yenye bawa la mita 4 kila upande. Kila bawa hubeba kilo 250. Mzigo ukienea sawasawa, ni kana kwamba wote uko katikati, mita 2 kutoka shina la bawa; momenti ya kupinda shinani ni 250 × 2 = 500. Bawa likifanywa la mita 5, momenti huwa 250 × 2.5 = 625. Ndege ikigeuka kwa kuinama nyuzi 60, mzigo huwa maradufu, na momenti hufika 1,250. Mhimili uliochorwa kwa bawa fupi haukukadiriwa kwa kazi hiyo. Akiba ya nguvu aliyoiweka mhandisi huanza kuliwa bila mtu kuona.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani. Rula ya mbao ya mita moja ibanwe mezani, sentimita 40 zitokeze nje. Mzigo mdogo ufungwe nchani na kushuka kwa ncha kupimwe. Kisha rula isogezwe hadi sentimita 50 zitokeze, kwa mzigo ule ule. Ncha itashuka karibu maradufu, kwa kuwa kujipinda hufuata mchemraba wa urefu: 1.25 × 1.25 × 1.25 = 1.95.

Hatari ya mpapatiko

Bawa linalojipinda kwa urahisi huweza kupapatika kama bendera: upepo hulisukuma, nalo hurudi, na kila mtikisiko huongeza ufuatao mpaka bawa livunjike. Vibawa vya nyuma vya kuinamishia ndege, viitwavyo eleroni, visiposawazishwa kwa uzito huuchochea mpapatiko huo.

Mfano wake ni Zodiac CH 601 XL, ndege ya viti viwili ambayo wengi waliijenga wenyewe. Aprili 2009 bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri ilishauri ndege hizo zizuiwe kuruka, baada ya kadhaa kuvunjika angani, huko na katika nchi nyingine, na kuua watu wasiopungua 10. Mpapatiko ulidhaniwa kuwa chanzo. Novemba mwaka huo yaliagizwa mabadiliko: mihimili iimarishwe na eleroni zitiwe vizani. Nayo yalikuwa mabadiliko ya bawa, lakini yalitokana na hesabu na majaribio, si makadirio ya macho.

Njia iliyo salama

Dawa ya hewa nyepesi ipo nje ya bawa. Kondoa, asubuhi yenye nyuzi 18, densiti hufika asilimia 84 ya ile ya kawaida. Ndege ya kilo 500 ikimwacha abiria wa kilo 80 hubaki na kilo 420, nazo ni asilimia 84 vilevile. Basi ndege hiyo itapaa kwa mwendo ule ule ulioandikwa katika ramani, bila kuongezwa hata sentimita moja ya bawa. Nguvu za injini bado zitakuwa pungufu, kwa hiyo kiwanja kirefu ni lazima.

Anayehitaji bawa kubwa achague ramani iliyochorwa nalo tangu mwanzo, na bawa lijaribiwe ardhini. Hupinduliwa na kupakiwa mifuko ya mchanga, ambao haukosekani katika makorongo ya Kondoa. Ndege nyepesi nyingi hukadiriwa kubeba mara 3.8 ya uzito wake, na akiba ya nusu juu yake. Kwa ndege ya kilo 500, kila bawa lihimili kilo 1,425 bila kuvunjika. Baada ya hayo hufuata usajili na ukaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Bawa likishindwa chini ya mifuko, hasara ni ya mbao na gundi tu.