Vile nilimdanganya mjomba wangu kwa Excel

Uzi. Leo hatuongelei mwanasiasa yeyote, tunaongelea namba ambazo wanasiasa wote hurusha. Kaa chini, fungua simu au kompyuta, na kama una Excel au Google Sheets iweke kando hapo. Tutaihitaji.

Mnajua ule mjadala wa pesa za kaunti. Huyu anasema "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja." Yule anajibu kwamba barabara haijengwi juu ya watu, inajengwa juu ya ardhi. Mwaka 2020 Seneti ilivutana miezi kadhaa juu ya hilo hadi Septemba. Katiba inataka msingi wa kugawa upangwe upya kila miaka mitano, kwa hivyo huu mjadala utarudi tu.

Mimi nilijifunza lahajedwali nikiwa mkubwa, tena kwa hasira. Nilichoka kusikia namba kwenye redio nisijue kama ni za kweli. Nikapakua takwimu za sensa ya 2019 na jedwali la mgao wa mwaka wa fedha 2021/22, ambapo kaunti zote 47 zilipata jumla ya bilioni 370. Nikachagua kaunti saba za kujifunzia. Pesa nimezikata kwa bilioni ili zisitusumbue:

Nairobi, watu 4,397,073, bilioni 19.2
Kiambu, watu 2,417,735, bilioni 11.7
Kakamega, watu 1,867,579, bilioni 12.4
Kilifi, watu 1,453,787, bilioni 11.6
Turkana, watu 926,976, bilioni 12.6
Isiolo, watu 268,002, bilioni 4.7
Lamu, watu 143,920, bilioni 3.1

(Mandera, Wajir na Garissa nimeziacha makusudi. Hesabu yao ya sensa ilipelekwa mahakamani, na hiyo ni stori ya siku nyingine.)

Safu A weka jina, B weka watu, C weka pesa kwa shilingi kamili. Hapo kwa C watu wengi huanguka. Jedwali za serikali mara nyingi huandika pesa kwa mamilioni, sasa ukisahau kuzidisha utapata kila Mkenya anapewa senti. Halafu ukinakili kutoka kwa PDF, namba zingine huingia kama maandishi. Utazijua kwa sababu zinaegemea kushoto mwa seli badala ya kulia, na ukijumlisha, programu inaziruka bila kukwambia kitu. Mimi nilipoteza jioni nzima hapo.

Safu D ndio utamu: =C2/B2, kisha unavuta hadi chini. Hizo ni shilingi kwa kila mtu. Nairobi 4,367. Kiambu 4,839. Kakamega 6,640. Kilifi 7,979. Turkana 13,593. Isiolo 17,537. Lamu 21,540.

Nilipoona hivyo nilihisi nimekuwa profesa. Nikaandika chini yake =AVERAGE(D2:D8). Ikatoka 10,928.

Sasa, wikendi hiyo tulikuwa kwa matanga huko nyumbani Kakamega. Mjomba, ambaye hupenda siasa kuliko chai, akaanza kuuliza kama kaunti yetu inapata haki yake. Nikatoa simu. Nikamwambia mbele ya wazee: "Mjomba, wastani ni shilingi elfu kumi na mia tisa kwa kila mtu. Sisi tunapata elfu sita na mia sita. Tunapunjwa zaidi ya elfu nne kwa kila kichwa." Wazee wakaguna. Mjomba akaiandika kwa kikaratasi.

Jumatatu binamu yangu ambaye ni mhasibu akanipigia. "Wewe, hiyo elfu kumi umeitoa wapi?" Nikamtumia faili. Akacheka kwanza, kisha akaniuliza swali moja: kwa hesabu yako, mtu mmoja wa Lamu ana uzito gani ukimlinganisha na mtu mmoja wa Nairobi?

Nikakwama. Jibu ni kwamba nilimpa mtu wa Lamu uzito wa watu thelathini wa Nairobi. AVERAGE haijui kwamba Lamu ina watu laki moja na nusu kasoro na Nairobi ina zaidi ya milioni nne. Yenyewe inaona namba saba, inajumlisha, inagawa kwa saba, basi. Nilikuwa nimechukua wastani wa wastani.

Njia ya haki ni kuweka pesa zote pamoja na watu wote pamoja, ndipo ugawe: =SUM(C2:C8)/SUM(B2:B8). Bilioni 75.3 kwa watu 11,475,072. Jibu ni 6,562.

Angalia tena Kakamega. 6,640. Kwa hesabu yangu ya kwanza tulikuwa tunapunjwa shilingi 4,288 kila mtu. Kwa hesabu sahihi ya kaunti hizo hizo saba, tuko juu ya wastani kwa shilingi 78. Data ni ile ile. Sikudanganya namba hata moja kwenye jedwali, na bado niliwaambia wazee uongo.

Na kabla mtu hajashangilia: hizo saba nilichagua mimi, na Nairobi na Kiambu zinavuta chini. Chukua nchi nzima, bilioni 370 kwa watu 47,564,296. Inatoka 7,779. Hapo Kakamega iko chini tena, kama shilingi 1,139. Kilifi iko juu kidogo. Kwa hivyo ukisikia mtu kwa jukwaa anasema "tuko chini ya wastani", swali lako la kwanza ni wastani wa nani, na la pili ni kama amegawa kwa watu au kwa idadi ya kaunti.

Halafu kuna ile namba ya chini yenyewe. Ongeza safu E, uweke ukubwa wa ardhi. Turkana ina zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Nairobi ina kama 700. Ukigawa pesa kwa ardhi, Nairobi inapata zaidi ya milioni 27 kwa kila kilomita ya mraba, na Turkana inapata kama 185,000. Ile kaunti ilionekana inapendelewa sasa imekuwa maskini wa mwisho. Wale wawili wanaogombana redioni hakuna anayesoma namba ya uongo. Kila mmoja amechagua kigawanyi kinachomfaa na hasemi kwamba amekichagua. Hilo ndilo linaniudhi.

Nilimpigia mjomba kumwambia nilikosea. Si simu rahisi, kwa sababu alikuwa ameshaitumia hiyo elfu nne kwenye baraza. Alinyamaza, kisha akasema, "Sawa, lakini nieleze Lamu. Elfu ishirini na moja za nini?"

Swali zuri. Msingi uliotumika kuanzia 2021/22 ulikuwa na vigezo kadhaa: idadi ya watu asilimia 18, afya 17, umaskini 14, kilimo 10, ardhi 8, barabara 8, miji 5, na asilimia 20 ni fungu la msingi ambalo kila kaunti inapata sawasawa, kubwa au ndogo. Hilo fungu ndilo linafanya kazi kubwa kwa Lamu. Jaribu mwenyewe: chukua bilioni 10, gawa kwa 47. Kila kaunti inapata kama milioni 212.8. Kwa mtu wa Lamu hiyo ni shilingi 1,478. Kwa mtu wa Nairobi ni 48.

Mjomba akauliza, kwani Lamu haihitaji gavana, bunge la kaunti na hospitali kama Nairobi? Nikamwambia hapo sasa Excel imefika mwisho, hiyo ni siasa, na hata mimi nina upande wangu. Akasema nimtumie faili. Nimemtumia. Jana amenipigia akiuliza kwa nini akipanga safu D kutoka kubwa hadi ndogo, Lamu inakuwa na watu wa Nairobi.

Mjomba, chagua jedwali lote kwanza, ndipo upange. Ukiacha safu ya majina nje, majina yanabaki pale pale na namba zinahama.