Malisho ya zamu: Nyasi nazo huhitaji kupumzika

UKAME wa 2020 hadi 2023 uliangamiza zaidi ya mifugo milioni 2 nchini Kenya. Mfugaji anayetaka kujitegemea hana budi kuzitunza nyasi kama akiba.

Nyasi zilizoliwa huchipuka kwa nguvu zilizohifadhiwa hasa sehemu ya chini ya shina. Zikiliwa tena kabla ya kupona, mizizi hudhoofika, ardhi hubaki wazi na mvua huosha udongo.

Ndiposa Allan Savory, mtaalamu kutoka Zimbabwe, alipendekeza mifugo ichungwe ikiwa imesongamana, ihamishwe upesi, kisha sehemu iliyoliwa ipumzishwe. Anasema kwato huvunja udongo uliogandamana, nayo samadi huurutubisha.

Baadhi ya wanasayansi wamepinga madai yake kwamba mbinu hiyo inaweza kurejesha majangwa. Hata hivyo, kupumzisha malisho si jambo geni: tangu jadi Wamaasai hutenga olopololi, malisho ya ndama na mifugo dhaifu wakati wa kiangazi.

Ugumu uko kwenye ardhi ya jamii. Kundi moja likiingizwa usiku katika sehemu iliyofungwa, akiba ya wote huisha kabla ya kiangazi. Kwa hivyo, kabla ya kugawa malisho, sharti majirani wakubaliane kuhusu zamu, walinzi na faini.